Jino Katika Shavu la Mama

Dada yangu Sitti alinipigia simu kutoka Mahajanga akicheka, na kicheko chake kilikuwa kinavuja upepo. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Limetoka. Nilikuwa nakula mahindi ya kuchemsha, likatoka lenyewe, wala halikuuma." Hakuhitaji kuniambia ni lipi. Katika ukoo wetu yametoka meno mengi, mengine kwa uzee, mengine kwa sukari, na moja la mjomba kwa ugomvi ambao hatuuzungumzi. Lakini linalotajwa bila kutajwa ni moja tu, la mbele, juu, upande wa kulia, ambalo lilikwisha kutoka mara moja kabla ya hapo, Sitti akiwa msichana, na likarudi. Tulicheka kwenye simu kama wehu. Nilipoikata nikakaa jikoni nikalia kidogo, na si kwa ajili ya jino.

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoizoea ukubwani, baada ya kuolewa Unguja. Nyumbani kwetu tulisema Kingazija, njiani tulisema Kimalagasi cha Wasakalava, shuleni Kifaransa kwa kulazimishwa. Mambo ya dini na ya bahari tu ndiyo yaliyokuwa na maneno ambayo nilipofika Unguja niliyakuta yananingoja. Kwa hiyo watu wa hadithi hii hawakusema hivi hasa. Walisema vizuri zaidi.

Sisi tulizaliwa Mahajanga, mji wa pwani katika nchi ya Wamalagasi, mtaa wa Mahabibo. Baba alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Kazi yake ilikuwa kuchemsha vyombo, kushika taa, kuwatuliza wenye kulia, na jioni kuja nyumbani kutuharibia chakula. Mtu anatia tonge mdomoni, Baba anaanza: leo kaja mzee mmoja, usaha mpaka shingoni. Mama alikuwa akimwambia, "Ngoja tule kwanza, meno yetu sisi yako salama." Yeye haachi. Jirani mwenye jino linalouma alikuwa hapitiwi na usiku bila kuja kugonga kwetu, na Baba alikuwa na maneno yake yale yale: suuza kwa maji vuguvugu ya chumvi, tafuna karafuu upande ule ule, usibandike kidonge kwenye ufizi, kinaunguza nyama, na shavu likivimba ukapata homa, usikae nyumbani ukinywa majani, nenda kwa daktari. Yeye mwenyewe alikuwa na gego bovu ambalo hakutaka liguswe hata kwa kijiti. Kinyozi hajinyoi.

Jambo alilolipenda kulisema kuliko yote lilikuwa hili: "Jino halifi likianguka. Linakufa likikauka." Alilisema juu ya wali, juu ya samaki, juu ya chai. Mama alikuwa analimalizia yeye, kwa sauti ya kumwigiza, na Baba hakuona kwamba anachekwa, au aliona akapenda.

Kisha zikaja zile siku za Mahajanga ambazo watu wa umri wangu wanazijua, na hawazisimulii mbele ya wageni, siku ambazo Wangazija walisakwa katika mitaa yao wenyewe. Baba alitoka asubuhi kwenda kazini. Sisi tulifichwa na jirani yetu Mmalagasi, nyuma ya magunia, na Mama alituziba midomo kwa viganja vyake. Alipoweza kutoka na kumtafuta mumewe, Baba alikuwa amekwisha kuzikwa pamoja na wengine. Baada ya hapo wengi walipandishwa meli na ndege kwenda Ngazija, nchi ambayo nusu yao hawakuwahi kuiona. Mama hakwenda. Alituchukua Sitti na mimi akaenda kwa mama yake, Ambanoro, kisiwani Nosy Be.

Huyo mama yake tulimwita Koko, kama Wangazija wanavyomwita bibi. Alikuwa mwanamke mfupi, msafi kupita kiasi, na mwenye jibu la kila jambo isipokuwa lile lililotuleta kwake. Koko alikuwa na desturi ambayo wengi wetu tumeiona majumbani. Kitu kilichotoka katika mwili wa Mwislamu hakitupwi. Nywele zilizobaki kwenye kitana, kucha, jino la mtoto, vyote aliviosha, akavifunga katika pamba au kipande cha bafta, akavizika nyuma ya jiko, kwenye mgomba, kwa bismillahi. Mtu ataulizwa viungo vyake, alisema, basi ajue vilipo. Mimi nilikuwa sijaanza kung'oka meno, na nilikuwa naupita mgomba ule kwa adabu kama mtu anayepita makaburini.

Nilikuwa mdogo kiasi cha kuamini kwamba watu wa Ambanoro wanatupenda. Sitti alikuwa mkubwa kiasi cha kujua kwamba wanatuhurumia. Aliitwa "maskini yule wa Mahajanga" kila alipopita na ndoo, na kila ndoo ikawa nzito zaidi. Lakini alikuwa na sauti. Mwalimu wa chuo cha Kurani pale, mwanamke mkavu tuliyemwita Fundi Hadija, alimsikia akisoma mara moja tu, akamtoa nyuma akamketisha mbele. Fundi Hadija alikuwa mtu wa herufi. Kwake msomaji hakuwa sauti tamu. Alikuwa ulimi uliofika mahali pake. Ukisoma the au dhali, ulimi sharti uguse ncha ya meno ya juu, uonekane, la sivyo utapigwa jicho ambalo afadhali fimbo. Sitti alihitimu msahafu katika mwaka wetu wa kwanza pale, na ikaamuliwa asome mbele ya wanawake wote wa kijiji, katika hitima yake. Siku hiyo aliingoja kama wengine wanavyongoja harusi. Alitaka wamsikie kwanza, kisha, wakitaka, wamhurumie.

Jino lilitoka katika kutwanga unga wa hitima hiyo hiyo. Mchele uliorowekwa ulikuwa kinuni, kwa ajili ya mikate ya sinia, na Sitti alikuwa anatwanga kwa zamu na Soa, binti wa jirani yetu Msakalava, mchi huu ukishuka ule ukipanda. Sitti alikuwa anasoma kimoyomoyo huku anatwanga, midomo inacheza. Mchele kidogo ukamwagika ukingoni. Akainama kuurudisha, bila kuacha kusoma, na mchi wa Soa ulikuwa unapanda.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kugonga nazi mara moja. Sitti aliinuka ameshika mdomo, damu inatoka katikati ya vidole, na alipotoa mkono pale mbele palikuwa na mlango. Soa aliketi chini pale pale akaanza kulia kuliko aliyepigwa. Koko alitoka jikoni, akaona, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Nyinyi mliokua katika nyumba kama yetu mnajua kwamba maneno hayo husemwa hata chombo kikivunjika. Mimi nilikuwa sijui. Mimi nilikuwa nimeyasikia kwa mara ya kwanza Mahajanga, yakisemwa na watu wengi kwa siku nyingi, na nilijua maana yake ni moja. Kuna aliyekufa. Nikamtazama dada yangu, amesimama. Basi aliyekufa ni jino.

Jino lenyewe lilikuwa limetumbukia kinuni. Jino jeupe katika unga mweupe! Koko aliumimina unga kwenye ungo, akawa anaupepeta polepole, na sisi tumeinamia, na Sitti anadondosha damu kwenye kanga na kuniuliza kwa macho, limeonekana? Koko akalipata kwa vidole, akalitia kwenye bakuli la maji, na akakunjua kipande cha pamba nyeupe. Akachukua kitambaa aanze kulisugua mzizi wake, uliokuwa na ukungu wa nyama nyekundu, ili liende kaburini safi. Ndipo Mama akaingia kutoka sokoni.

Sijapata kumwona mtu akivuka ua kwa namna ile. Alimshika Koko mkono, mama yake mzazi, mkono wenye kitambaa, na akaushikilia hewani.

"Mama, usilisugue. Halijafa."

Koko alimwangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Akasema kilichotoka kimetoka, mwanangu, tulistiri. Mama hakubishana naye, jambo ambalo peke yake lilikuwa la ajabu, kwa kuwa wale wawili walibishana hata juu ya chumvi. Alilichukua jino kwa upande wake mweupe, ule wa kung'atia, bila kugusa mzizi, akalimiminia maji kidogo mpaka unga ukaondoka. Akamketisha Sitti, akamwambia afungue kinywa, akajaribu kulirudisha pale pale. Likaingia nusu, limepinda. Mdomo wa Sitti ulikuwa umevimba na mwili wote unaruka, na Mama akaogopa kulivunja. Akampa kitambaa safi kilichokunjwa, aume kwa nguvu, damu isimame. Kisha akaulizia maziwa ya kulilowekea.

Maziwa ya ng'ombe yalikuwa hakuna saa ile; wenye ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamua na kuuza tangu alfajiri. Koko, ambaye hakuelewa kitu lakini alikuwa mama, alileta kopo la maziwa mazito ya sukari, yale ya kutia kwenye chai. Mama akatikisa kichwa. Alisimama kidogo na jino kiganjani. Nadhani alikuwa anamsikiliza mtu. Kisha akafungua kinywa chake mwenyewe, akalitia jino la mwanawe kati ya shavu na ufizi, na akafunga.

Kwa Sitti hakuthubutu kulitia, alituambia baadaye, kwa sababu mtoto aliyekuwa akilia vile angelimeza. Lakini wakati ule hakutuambia lolote. Alitushika mikono sisi wawili, tukatoka.

Sharti nieleze Mama alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo hamtaona nilichokiona. Mama alikuwa msemaji. Msiba umewafunga wengine midomo, yeye ulimfungua. Tangu Mahajanga alikuwa hanyamazi. Alizungumza na jirani, na kuku, na sufuria, na sisi usingizini. Kutoka nyumbani kwetu hadi barabarani ilikuwa safari ndefu kwa sababu kila mlango ulikuwa na salamu, na salamu ya Ambanoro haiishi kwa neno moja. Utaulizwa umelalaje, wa nyumbani, kuna habari gani. Siku ile alipita milango yote kimya, shavu limevimba kidogo, mkono kifuani kuomba radhi. Wanawake walisalimu, "Mbola tsara?" na jibu halikuja. Nikageuka nikawa namjibia mimi, mbio nyuma yake, mbola tsara, mbola tsara, kwa kila mlango. Nyuma yetu nilisikia mmoja akisema huyu ameingiwa na pepo, na mwingine akasema ni huzuni, imempanda kichwani hatimaye.

Gari lililobeba maua ya langilangi kwenda kuchemshwa likatupa nafasi juu ya magunia. Harufu ile hadi leo ikinipitia nashika shavu langu. Dereva aliuliza mambo mengi. Mama aliangalia mbele. Nilimtazama njia nzima, kwa hofu na kwa furaha kwa pamoja. Kwa maana nilikuwa nimeona kila kitu kwa mpangilio wake: jino limefariki, limetangaziwa, limeoshwa, sanda yake imekunjuliwa, kaburi liko tayari kwenye mgomba. Na Mama alikuwa amekuja akalinyang'anya. Sasa alikuwa analificha mdomoni mwake ili mauti yasilione. Ndiyo sababu hasemi, nikawaza. Akifungua tu, yanaingia.

Katika hospitali ya Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, palikuwa na chumba cha meno mwishoni mwa baraza, na benchi refu la watu walioshika mataya yao. Muuguzi aliuliza nani mgonjwa. Mama akaonyesha kinywa cha Sitti, kisha shavu lake mwenyewe. Muuguzi akaliangalia shavu, akasema jipu, na akatuonyesha mwisho wa benchi. Sitti alijaribu kueleza lakini alikuwa ameuma kitambaa. Mimi nilijua, ila nilijua mambo ya mauti, na hayo hayakufaa kumwambia muuguzi. Mama aliangalia lile benchi mpaka mwisho wake. Kisha akawainamia wale watu wote kwa heshima, akaweka kiganja kifuani, akafungua mlango akaingia.

Daktari alikuwa mtu wa bara, wa Nyanda za Juu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisema kwa Kifaransa kwamba watu wanangoja zamu. Mama alimsogelea hadi mbele ya taa yake na akafungua kinywa.

Daktari aliinama akaangalia. Mle ndani ya shavu, katika mate, jino lilikuwa limelala na mzizi wake wote, bado na wekundu. Akalitoa kwa koleo ndogo, akilishika kwa kichwa chake cheupe, kama vile Mama alivyolishika, akalidumbukiza katika kikombe cha maji ya chumvi. Hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Madamu," alisema, "nani alikufundisha hivi?"

Kinywa cha Mama sasa kilikuwa huru. Nilingoja aanze. Nilijua atasimulia kinu, na unga, na Koko, na kopo la maziwa, na milango yote ya Ambanoro.

"Mume wangu," alisema.

Daktari aliuliza yuko wapi huyo mume, ni mtu wa kazi hii? Mama alisema alikuwa Mahajanga. Mtu yule aliangalia majina yetu ya Kingazija kwenye cheti Mama alichomkabidhi, akatuangalia sisi, na hakuuliza zaidi. Alimgeukia Sitti akamwambia kwamba atahisi sindano, na baada ya hapo hatahisi kitu.

Alilisukuma kwa kidole gumba, taratibu, bila haraka yoyote, na mimi niliyesimama karibu na kiti nilisikia mlio mdogo lilipofika mwisho. Waya mwembamba alikuwa hana. Alimtuma mtu dukani, akaletewa mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni unaopitisha mwanga, akalifunga jino na jirani zake wa kulia na kushoto, akabandika saruji yake ya meno juu ya vifundo. Akampa Sitti masharti: chakula laini, ulimi usilichezee, asuuze kwa maji ya chumvi kila akila, apige mswaki polepole, arudi aonekane. Kwa Mama akasema maneno ambayo Mama aliyarudia kwa miaka mingi. Alisema yeye amelirudisha mahali pake tu. Kulitia uhai si kazi ya daktari, na itabidi wangoje waone kama litakubali.

Basi tukangoja. Hitima iliahirishwa, unga ukapikwa uji, na Sitti akaunywa uji wa hitima yake mwenyewe kwa kijiko. Kila asubuhi nilimwamsha nimuone. Nilitazama lile jino lililofungwa kamba kama mbuzi, nikitafuta dalili, sijui dalili gani, labda litapepesa. Sitti alikuwa haniruhusu kuligusa. Alikaa nyuma ya nyumba akisoma kwa pumzi bila sauti, na alipofika kwenye herufi za meno aliruka. Alikuwa anaogopa kujua. Jino likikataa, litatolewa, na pengo la mbele litampotezea the na dhali na dhaa, na msomaji wa Fundi Hadija asiye na herufi hizo atarudi nyuma na ndoo yake, maskini yule wa Mahajanga.

Koko naye alikuwa na hofu yake, na haikuwa ya mchezo. Kilichokatika kutoka kwa aliye hai ni maiti, alisema, na maiti ni najisi. Mtoto anaswali na maiti mdomoni. Swala hiyo inasimama? Alilifikiria hilo mpaka akakosa usingizi. Mwishowe akajifunga vizuri akaenda kwa Fundi Hadija kumuuliza, na Fundi Hadija badala ya kujibu akaja mwenyewe, mchana, akaketi kwenye mkeka wetu.

Alimwita Sitti. Mama alikuwa mlangoni, Koko juu ya kiti chake, Soa amejibanza ukutani na mimi ubavuni mwake. Fundi Hadija aliliangalia jino bila kuligusa. Akasema, "Soma Al-Hamdu."

Kila mtu pale aliijua sura hiyo tangu kuzaliwa, na kila mtu alijua lilipo neno lenye dhali. Sitti alianza chini sana. Alipita Mola wa viumbe, akapita Mwenye kurehemu, akapita siku ya malipo. Mama alikuwa amekishika kizingiti. Ikafika njia iliyonyooka, ikafika njia ya wale, na Sitti alifunga macho, akaupeleka ulimi mbele mpaka ukaonekana, ukagusa ncha ya jino lile chini ya mshipi, akasema: alladhina.

Ilitoka safi. Ilitoka laini na yenye upepo wake kamili, dhali ambayo hata Fundi Hadija mwenyewe hakuwa nayo tena, kwa sababu ya uzee. Sitti alifumbua macho kwa mshangao na akamaliza sura kwa sauti yake yote, na majirani wakaja kusimama nje. Fundi Hadija alisema amina. Kisha akamgeukia Koko akamwambia kwamba mambo ya hukumu ya najisi atamwachia mwenye elimu zaidi, ila yeye maisha yake yote hajapata kusikia maiti ikitamka dhali.

Hitima ilisomwa mwezi uliofuata, mshipi ulipokwisha kukatwa. Wanawake walijaa mpaka uani. Hakuna aliyemwita Sitti maskini siku ile, wala baada yake. Na Mama akawa mtu wa kugongewa mlango. Walikuja na majino yao kutoka hata Dzamandzar, na yeye akawaambia maji ya chumvi, karafuu, kidonge umeze usibandike, shavu hilo peleka hospitali leo leo. Alisema kwa maneno yale yale na kwa sauti ile ile ambayo zamani alikuwa anaiigiza kwa kudhihaki. Sasa hakuwa anaigiza.

Mimi nilibaki na elimu yangu. Nilijua nimeuona muujiza, na nilijua unavyofanywa, nikawa nangoja zamu yangu. Jino langu la kwanza la utoto lilipong'oka, la chini, nilipokuwa nauma embe bichi, sikulia wala sikumwita Koko. Nililichukua kwa kichwa chake, nikalimwagia maji, nikalitia shavuni, nikanyamaza. Nilinyamaza asubuhi nzima. Nilisalimiwa sikujibu. Koko aliniita mara kadhaa akaniona mtovu wa adabu. Alasiri Mama alinivuta katikati ya magoti yake anisuke, akanisemesha, akanisemesha tena, akanigeuza uso.

"Fungua," alisema.

Nikafungua. Mama aliona, akacheka mpaka akajiegemeza ukutani. Ndipo akanieleza. Jino hili si kama lile la Sitti, alisema. Hili ni jino la utoto, muda wake umekwisha, na ukilirudisha utaliumiza lile jipya linalokuja chini yake. La namna hii likitoka tunaliacha liende. Niteme.

Nililitema kiganjani mwake. Nilikuwa nimeelewa. Yako ya kuacha yaende, na yako ya kurudisha. Na kwa kuwa nilikuwa nimeelewa, niliuliza.

"Na Baba, kwa nini uliwaacha wamzike?"

Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Niliendelea, maana nilidhani labda hakunipata vizuri. Nilimwambia Baba hakuwa mzee, muda wake ulikuwa haujaisha. Nilimwambia angemzuia yule mwenye kuosha, kama alivyomzuia Koko.

Mama alikaa kimya, na kimya kile nilikijua, nilikuwa nimekwisha kukiona siku moja tu, juu ya magunia ya maua. Nilihisi pumzi yake kwenye utosi wangu. Kisha akashika tena fungu la nywele, akaligawa sehemu tatu, akaanza upya.

"Nilichelewa, mwanangu," alisema. "Nilipofika walikuwa wamekwisha kumfukia. Lakini ningewahi," na hapa alivuta nywele mpaka nikaumia, "Wallahi ningewahi, ningejaribu."